Ua wa Minyaa

Bi Kadzo alirudi kutoka kumwuguza binti yake, akakuta ua wa minyaa wa mpakani umesogea. Kaburi la mumewe, lililokuwa upande wake, sasa limeangukia upande wa shemeji yake, Ngumbao.

“Shemeji, ua huu umetembea?” akamwuliza Ngumbao aliyesimama ng’ambo ya ua.

“Mti utatembeaje, mama Kahindi? Ni uleule aliouotesha marehemu miaka ishirini iliyopita. Mnyaa hautaki maji, na mbuzi haugusi.”

Kadzo akautazama. Mnyaa wa miaka ishirini huwa na shina nene kama paja. Hivi vilikuwa vijiti vya kijani tu.

“Na macho yako mbona mekundu?”

“Vumbi.”

“Vumbi, au maziwa ya mnyaa? Maana humrukia machoni yule anayeukata.”

Ngumbao akageuza uso. Kadzo akakunja pembe ya leso mkononi, utomvu usimguse, akang’oa kijiti kimoja. Kilitoka bila ubishi. Chini kilikuwa na mzizi mmoja mweupe, mwembamba kama uzi, wa siku chache.

“Si umeona kina mzizi?” Ngumbao akasema.

“Nimeuona, shemeji,” akajibu taratibu, akashika cha pili, kisha cha tatu, akielekea kaburini.