Sentensi ya Thelathini

"Mume wangu amekufa," Shamimu alisoma kwenye karatasi yake ya utafiti, akasogeza kinasa sauti ili bibi aitamke kwa Kiluguru, kama alivyozitamka zile sentensi ishirini na tisa za kwanza.

Bibi aligeuka kutazama uani. Mumewe alikuwa huko akianika pilipili manga, huku akikohoa.

"Ni mfano tu wa sarufi, bibi."

"Najua, mjukuu wangu. Basi weka karatasi chini, uiseme wewe kwanza. Mtaje mumeo kwa jina."

Shamimu alitazama nje. Mvua ya usiku ilikuwa imelowesha mteremko wote wa Matombo, na mume wake mwenyewe alikuwa njiani na pikipiki, anakuja kumchukua.

"Mume wangu..." alianza.

Akachukua kalamu, akaikata kwa mstari ile sentensi, akarudia na kurudia mpaka karatasi ikatoboka.