Kizingiti Bila Unga

Mkoba ulimponyoka Elangovan mlangoni kwa mama yake. Kizingiti kilikuwa kitupu.

Mlango wa Mtamil hukosa kolamu, lile pambo la unga wa mchele linalochorwa kila alfajiri, siku ya msiba tu. Na alfajiri ileile Bi Kanagavalli alikuwa amemtumia mwanawe picha ya kolamu yake, kama kila siku. Basi wamekwisha kuifuta.

Majirani wote walikuwa na kolamu za plastiki, za kubandika. Mama yake alikuwa akizicheka. "Mlango umevaa kandambili!" Yeye aliapa kuchora kwa mkono wake mpaka siku ya kufa.

Jirani, Bi Rukkumani, alikuwa anapita na ndoo mbili tupu.

"Shangazi! Mama yuko wapi?"

Bi Rukkumani aliinamisha uso. "Ingia mwenyewe, baba. Mimi simo."

Elangovan aliuokota mkoba. Alikuwa ametoka jijini Chennai ili aje kuungama, na sasa amechelewa. Picha zote alizotumiwa na mama yake mwaka jana, mia tatu na ushei, aliwapa wakubwa zake kazini. Wakazitumia kuifundisha mashine yao ya kuchora, ileile inayonguruma mchana kutwa katika jumba kubwa nje ya kijiji hiki. Hakumwomba mama ruhusa. Mkubwa wake alizitazama akapiga meza. "Huu ndio mkono wa mtu, bwana! Mashine haiwezi hivi!" Elangovan akapandishwa cheo. Tangu hapo kila picha ya alfajiri ilimchoma. Mficha uchi hazai, alijiambia, akafunga safari aombe radhi, hata kama ni kwa makofi.

Radhi ya nani tena? Aliona aibu hata kulia.

Akausukuma mlango.

Bi Kanagavalli alikuwa ameketi sakafuni, mzima kabisa, anachambua dengu. Alipomwona mwanawe alijifunika uso kwa ncha ya sari.

"Mama!" Elangovan aliiangukia miguu yake. "Nisamehe. Zile kolamu zako za mwaka jana niliwapa kazini, sikukuuliza. Wanasema mkono kama wako hakuna."

"Nyamaza, usiniaibishe zaidi!" Mama alikuwa analia. "Kizingiti si umekiona? Jumba lenu limekunywa kisima chetu chote, kupoza mashine zenu. Na bila maji ya kunyunyiza, unga haushiki, unapeperuka tu. Sasa nibandike plastiki, mimi? Watu wanicheke? Nikaona haya kukwambia."

Alitoa simu yake chini ya sari, akaisogeza mbele ya mwanawe bila kumtazama.

"Mwaka wa pili huu, mwanangu. Naiomba hii, inanichorea picha za kukutumia."