Mahali Picha Iliporuka

Picha iliruka tena palepale. Mzee alifungua kinywa aseme, runinga ikajaa chenga, kisha ghafla watu wakawa wanapiga makofi.

Fundi Haidari alikuwa ameshasafisha hedi, kile kichwa kinachosoma utepe ndani ya deki, kwa pamba na spiriti, akabadilisha hata deki yenyewe. Haiwezekani deki mbili zikosee sekunde ileile, aliwaza.

"Vumbi la kijijini kwetu Kakese hilo, fundi," alisema mtoto mkubwa wa mzee huyo, sasa marehemu, aliyeileta kaseti. "We itengeneze tu isiruke. Jumapili ukoo mzima unaitazama, ndipo tugawane ng'ombe."

Haidari aliitoa kaseti, akabonyeza kitufe cha ubavuni, akainua kifuniko. Utepe mweusi ulikuwa umekatwa kwa wembe ukaungwa kwa selotepu. Alipopitisha ukucha, ulikwama.

Yeye ndiye aliyeshika kamera siku ile mzee alipotangaza wosia wake. Alikumbuka vizuri alichosema mzee kabla ya makofi: ng'ombe arobaini ni wa binti yangu.

"Nipe basi niende, fundi," alisema yule mtoto.

Haidari aliiweka kaseti kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo.

"Kamlete kwanza dada yako," alisema.