Kiti cha Vipimo

Mistari ya ubongo wa Ronah ilirukaruka kwenye kompyuta yangu huku akilia. Alikuwa na miaka miwili, kofia ya nyaya kichwani. Nikamwambia tena atulie kitini. Utafiti wangu wa kwanza ulitaka hivyo: mtoto peke yake, mama nje.

Mama yake akaingia bila hodi. "Dokita, anaogopa hii kiti. Wacha nimubebe."

Akamfunga mgongoni kwa kitenge, akakaza fundo kifuani. Kilio kikakatika. Mistari ikatulia, kama ya mtoto yeyote mzima.

Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimetuma Kampala majina ya watoto kumi na wawili wa hapa Bwera "wenye hofu isiyo ya kawaida". Wote niliwapima kwenye kiti kile, mama zao wakiwa nje.