Zege Halilali

Lori la zege lilikuwa limesimama barabarani, limelipita geti kidogo, tayari kuingia kinyumenyume. Dereva alipiga honi mfululizo. Mshika bendera hakuishusha bendera yake nyekundu.

"Mzee, umelala?" dereva alifoka, kichwa nje ya dirisha. "Niite niingie!"

"Ngoja."

"Ningoje nini? Geti si hilo hapo?"

"Nimesema ngoja."

Asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza tangu msingi wa jengo uchimbwe, njia ya baiskeli iliyopita kando ya uzio wa mabati ilikuwa wazi. Siku zote iligeuzwa maegesho. Malori ya mchanga, malori ya nondo, pikapu ya msimamizi, vyote vilijipanga humo kama vimezaliwa humo. Mpanda baiskeli akifika hapo alikuwa na mawili: ashuke akokote, au ajitose barabarani katikati ya mabasi. Wengi walijitosa, maana nani ana muda? Wiki iliyopita mchuuzi wa mikate alijitosa hivyo hivyo, basi likamgonga. Mikate ilitapakaa mpaka mtaroni. Mshika bendera ndiye aliyemwinua, na alivyolia yule kijana alipoguswa bega, mzee wa watu hakulala.

Alikwenda kumwambia msimamizi. Msimamizi hakuinua hata macho kwenye simu yake.

"Zege halilali, mzee. Mwenye haraka apande basi. Na wewe kazi yako bendera, siasa waachie wenyewe."

Hayo aliyameza, amezoea kumeza. Yaliyomkaa kooni ni maneno ya jana, mezani kwake mwenyewe. Binti yake, mtoto wake wa pekee, anasomea ufundi umeme, na kila asubuhi huenda chuoni kwa baiskeli kupitia njia hiyo hiyo.

"Baba, tuna kijinjia kimoja tu mji mzima, nanyi mmekifanya gereji."

"Mimi nashika bendera tu, mwanangu. Mwenye amri ni msimamizi."

"Na hayo malori nani anayaita yaingie? Si wewe?"

Alimwambia basi aiache hiyo baiskeli. Binti akasukuma sahani.

"Kesho nikipita pale usinisemeshe. Sitaki wenzangu wajue wewe ni baba'ngu."

Mkewe, ambaye hakosi utani, na ambaye humcheka mumewe kwamba hata usingizini hurudisha malori, jana hakutania. Aliondoa vyombo tu. Mshika bendera aliona aibu ambayo hajapata kuiona maishani, na ilipopambazuka aibu hiyo ilikuwa imegeuka hasira. Hakumkasirikia binti.

Ndiyo sababu leo alipanga koni mwanzo wa njia mpaka mwisho. Malori aliyaambia yasubiri mtaa wa nyuma. Dereva aliyebisha, alimsimamia mbele ya bampa mpaka akaondoka. Msimamizi alikuja mbio, kofia ya kazi imekaa upande.

"Nani kakwambia usimamishe kazi? Zege linaganda!"

"Wapite kwanza."

"Nani wapite?"

"Watu."

Msimamizi alimtazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyesema. Kisha akamgeukia kibarua ambaye kazi yake ni kusimama upande wa kushoto wa malori, ule ambao dereva hauoni vizuri.

"Wewe, twende ukashike koleo. Huyu mzee anajua sana, acha afanye peke yake. Na jioni aje ofisini kwangu."

Kila mtu hapo alijua maana ya kuitwa ofisini jioni. Mshika bendera alijua kuliko wote. Bendera haikushuka.

Wakapita. Mama aliyempakia mwanawe nyuma, mwalimu na tai yake imetupwa begani, mzee mmoja aliyesema, "Mungu akuzidishie," bila kusimama. Dereva wa lori alitukana, akachoka, akawasha redio.

Kisha mshika bendera akamwona binti yake. Wenzake wawili walitangulia, yeye nyuma, begi mgongoni. Alipofika sawa na geti alipunguza mwendo. Aliitazama njia, akazitazama koni, akamtazama baba yake na ile bendera juu. Mdomo ulifunguka kidogo. Mshika bendera naye alikuwa na maneno tele, lakini aliambiwa asimsemeshe, akatii. Binti akakanyaga pedeli, akalipita lori, akawafuata wenzake.

Mshika bendera alishusha pumzi, kisha akashusha bendera. Kazi iende ikitaka kwenda. Mtoto amepita salama, tena amepita katika njia yake, na baba yake ndiye aliyeifungua. Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa kiganja chenye vumbi la saruji bila kujali nani anamwona.

"Ingiza gari!" msimamizi alipiga kelele kutoka ndani. "Ingiza!"

Akasogea upande wa kulia, dereva amwone kwenye kioo. Lori likanguruma, likaanza kukata mkia kuelekea getini, matairi yakiipanda njia ya baiskeli. Akajaza kifua, akaita kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo, sauti iliyofika mpaka mwisho wa uzio.

"Rudi! Rudi, rudi! Rudi tu, usiogope! Njoo, njoo, njoo!"

Lori lilikuwa bado linarudi aliposikia, upande wa kushoto wa lori, kule kusikokuwa na mtu, sauti ya binti yake isiyo na hasira hata chembe.

"Nimerudi, baba! Unasemaje?"