Majina Arobaini na Moja Kwenye Hariri

Majina yalikuwa arobaini na moja, na Bi Kinue hakulitazama hata moja. Macho yake yalikuwa kwenye doa la kahawia, pale bendera ilipokunjwa miaka yote ile.

"Ni ya kaka yangu Tamotsu," alisema. "Aliondoka kwenda vitani ameifunga tumboni, chini ya shati. Naomba uithibitishe."

Bwana Hirasawa, mkaguzi wa bendera za vita, zile ambazo majirani walimwandikia askari wa Japani majina yao kumtakia heri, aliinamia tena kioo chake cha kukuzia. Mmarekani ambaye familia yake iliichukua vitani aliituma kwa sharti moja: mkaguzi akiikataa, irudishwe ikauzwe mnadani.

Kaburini kwa Tamotsu kulikuwa na kisanduku chenye kokoto moja. Ndicho jeshi lilichowaletea badala ya mwili. Bi Kinue alikuwa na miaka themanini, na daktari alikwisha kumwambia asitegemee kuiona theluji ya mwaka huu.

"Hariri ni ya wakati ule. Wino pia," alisema Hirasawa. "Lakini watu arobaini na mmoja hawawezi kuwa na mwandiko wa mkono mmoja. Mwandishi amejitahidi. Hapa kazilaza herufi, pale kazinenepesha. Ila mstari wa mwisho wa kila jina unainuka kama mkia wa paka. Ni kazi ya mghushi, bibi. Samahani."

"Mkono mmoja wapi?" alidakia Mzee Masaru, jirani aliyemsindikiza. "Si jina la baba yangu hili hapa, Oikawa Genzo? Mwalimu Kinue, mwambie. Baba yao, yeye na Tamotsu, alifia rumande kwa kusema tutashindwa vita, na bado kijiji kizima kilimwandikia mwanawe baraka. Ndivyo tulivyokuwa sisi."

"Baba yako alikuwa na mwandiko mzuri?" aliuliza Hirasawa.

"Mzuri? Kuku akiparura jivu alikuwa afadhali." Mzee Masaru akacheka peke yake. "Labda siku hiyo alijikaza. Kwetu mwandiko ni wa mwalimu huyu. Katufundisha kuandika kwa brashi sote, mpaka wajukuu."

Hirasawa akaanza kuikunja bendera. Bi Kinue akaing'ang'ania ncha yake.

"Usiirudishe, mwanangu. Nitakupigia magoti."

"Unataka nitie sahihi uongo, bibi?"

Bi Kinue alimtazama Mzee Masaru, kama anayemwomba radhi. Kisha akaiachia bendera, akavuta karatasi na brashi vilivyokuwa mezani.

Akaandika polepole: Oikawa Genzo. Mstari wa mwisho ukainuka kama mkia wa paka.

"Kwenu nilipiga hodi mara tatu usiku ule, Masaru," alisema. "Kwingine mara moja moja tu. Hakuna aliyefungua. Treni ya kaka ilikuwa ya asubuhi."