Ukuta wa Ofisi ya Mji

Siku hizi ofisi ya mji wetu haipashwi moto kwa kuni wala kwa umeme. Kila kaya hutoa mtu mmoja, anavaa koti la mabomba kutwa nzima, na joto la mwili wake linaingia kwenye kuta. Mimi niliishia darasa la nne, lakini joto langu peke yake linatosha nusu ya jengo. Hakuna mwingine aliyefikia hapo.

"Mzee Mwakalobo, leo tumevua masweta!" karani Sekela alinitania. "Mkeo analala na jiko!"

Nilirudi nyumbani kifua mbele, nikambeba Lusajo, mtoto wetu wa miezi mitatu. Akalia kama amemwagiwa maji ya mtoni.

"Nipe, baba Lusajo," alisema mke wangu. "Umepoa mno."

Niliota moto jikoni mpaka kuni zikaisha. Nilipomshika tena, alilia vilevile.

"Iache kazi hiyo," mke wangu alisema.

"Kesho si mnakwenda kumpima uzito palepale ofisini? Unataka atetemeke?"

Alimfunga Lusajo kanga ya pili.

"Kesho mvue nguo bila hofu," nikamwambia, "halafu mwegemeze ukutani. Ukuta ule ni mimi."